Pointi Mbili za Abu Dhabi: Namna ya Kuusoma Msimu wa Langalanga

Tarehe 7 Desemba 2025, katika uwanja wa Yas Marina huko Abu Dhabi, Max Verstappen wa Red Bull alikuwa wa kwanza kuuvuka mstari wa kumalizia. Huo ulikuwa ushindi wake wa 8 katika msimu huo wa Formula 1, na hakuna dereva mwingine aliyeifikia idadi hiyo, kwani Lando Norris na Oscar Piastri wa McLaren walikuwa wameshinda mara 7 kila mmoja. Nyuma ya Verstappen alifika Piastri, na nyuma ya Piastri akafika Norris. Hata hivyo aliyetawazwa bingwa wa dunia ni huyo wa tatu: Norris alifunga msimu na pointi 423, Verstappen 421 na Piastri 410.

Kabla hata injini hazijapoa, mashabiki walikwisha kugawanyika. Wapo waliosema kwamba gari la McLaren lingempa ubingwa yeyote ambaye angekabidhiwa usukani. Wapo waliosema kwamba mwenye ushindi mwingi ndiye bora na jedwali limemdhulumu. Wapo pia waliomlilia Piastri, aliyeongoza sehemu kubwa ya msimu kisha akaishia nafasi ya tatu, wakiamini kwamba timu yake ilimpendelea mwenzake. Nimeifuatilia langalanga kwa muda wa kutosha kujua kwamba mabishano ya namna hii hayaishi, na wala sitaki yaishe, kwa kuwa ndiyo nusu ya utamu wa mchezo wenyewe. Ninachotamani ni kwamba tubishane juu ya jambo moja kwa wakati mmoja.

Ndani ya swali la nani bora mna maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja: ni gari lipi lilikuwa na kasi kubwa zaidi, ni dereva yupi aliyelitumia vizuri zaidi gari alilopewa, na ni timu ipi iliyokosea mara chache zaidi katika mikakati, katika kubadilisha matairi na katika kuyaunda magari yasiyoharibika. Jedwali la pointi halijibu hata moja kati ya hayo moja kwa moja. Linajibu swali la nne, ambalo ni jembamba na la kihasibu: nani amekusanya pointi nyingi kwa kanuni zilizokuwepo mwaka huo?

Kanuni hizo zimebadilika mara nyingi kuliko wengi wanavyokumbuka. Tangu mwaka 2010 mshindi hupata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, na hesabu hushuka hadi pointi 1 kwa dereva wa kumi. Tangu mwaka 2021 zipo pia mbio fupi katika baadhi ya wikendi, nazo zina pointi zake. Zamani mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1988 mshindi alipata pointi 9 na wa pili 6, na zaidi ya hapo kila dereva alihesabiwa matokeo yake 11 bora tu kati ya mbio 16. Alain Prost alimaliza mbio 14 mwaka huo, na kila alipomaliza alikuwa wa kwanza au wa pili, akakusanya pointi 105. Ayrton Senna, mwenzake wa McLaren, alikusanya 94. Walakini kanuni ilimkata Prost pointi 18, yaani nafasi tatu za pili ambazo hazikuingia katika matokeo yake 11 bora, akabakiwa na 87. Senna alikatwa 4 tu, akabakiwa na 90 na taji. Ushindi ulikuwa 8 kwa Senna na 7 kwa Prost, kwa hiyo shabiki wa Senna alikuwa na hoja yake mkononi, na shabiki wa Prost naye alikuwa na yake. Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa akishindana katika mchezo unaoruhusu kutupa matokeo mabaya, na Senna aliyekuwa akiwania ushindi kwa kila hali aliufaa mchezo huo zaidi. Kwa kanuni za leo, bingwa angekuwa Prost.

Hilo si la kumpunguzia Senna sifa. Linaonyesha kwamba kila kanuni ya pointi huamua ni tabia gani ya uendeshaji italipwa. Tofauti ya sasa kati ya wa kwanza na wa pili ni pointi 7, lakini dereva anayeshinda leo na kesho akaharibikiwa na gari hupata 25 kwa mbio mbili, ilhali anayemaliza wa pili mara zote mbili hupata 36. Ndiyo maana mtu mwenye ushindi 8 anaweza kushindwa na mwenye ushindi 7 pasipo mtu yeyote kudhulumiwa.

Lipo tena jambo la ubingwa kuwa wa aina mbili. Ule wa madereva ulianza mwaka 1950, na ule wa timu ukaongezwa mwaka 1958. Wa timu hujumlisha pointi za magari yote mawili, na mara kwa mara mataji hayo huenda nyumba tofauti. Mwaka 2021 Verstappen alitwaa la madereva huku Mercedes wakitwaa la timu. Mwaka 2024 Verstappen alishinda tena, lakini Red Bull waliangukia nafasi ya tatu katika jedwali la timu kwa pointi 589, nyuma ya Ferrari waliopata 652 na McLaren waliopata 666, ambao walikuwa hawajalishika taji hilo tangu 1998. Matokeo ya namna hiyo ndiyo yanayotupeleka kwenye fundo gumu zaidi.

Fundo hilo ni la gari na dereva. Katika michezo mingi washindani hutumia vifaa vinavyokaribiana, lakini katika langalanga kila timu huunda gari lake, na tofauti ya nusu sekunde kwa mzunguko mmoja yaweza kumtoa dereva mstari wa mbele hadi nafasi ya kumi. Kumlinganisha dereva wa Ferrari na wa timu ndogo ya Haas kwa kutazama jedwali ni sawa na kulinganisha wakimbiaji wawili ambao mmoja amebebeshwa gunia. Mizani pekee tuliyonayo ambayo inakaribia kuwa ya haki ni ya wenzi wa timu moja: gari la aina moja, uwanja mmoja, siku moja, matairi yanayotoka katika ghala moja. Shabiki makini akitaka kumpima dereva, kwanza huangalia kama alimshinda mwenzake katika kufuzu siku ya Jumamosi, yaani kusaka muda bora wa kupangiwa nafasi ya kuanzia mbio, kwa tofauti ya kiasi gani, na kama hali hiyo ilijirudia katika nyanja za aina tofauti.

Ukiiweka Red Bull juu ya mizani hiyo, namba zinatisha. Mwaka 2023 timu hiyo ilishinda mbio 21 kati ya 22. Carlos Sainz wa Ferrari ndiye pekee aliyeponyoka nayo moja, kule Singapore. Kati ya hizo 21, Verstappen alishinda 19. Alimaliza na pointi 575 dhidi ya 285 za mwenzake Sergio Pérez, na kama Red Bull wangemsajili yeye peke yake na kuliacha gari la pili gereji, bado wangetwaa ubingwa wa timu, kwa sababu Mercedes walioshika nafasi ya pili walipata 409. Mwaka uliofuata pengo likapanuka zaidi kwa maana ya nafasi: Verstappen bingwa kwa pointi 437, Pérez wa nane kwa 152.

Wengi husoma namba hizo na kuhukumu kwamba Pérez hakuwa na kiwango. Hapa ndipo ninapoomba tuende polepole, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pierre Gasly aliondolewa katika kiti hicho hicho katikati ya msimu wa 2019 kwa kushindwa kumkaribia Verstappen, na Septemba 2020 akashinda mbio za Monza akiwa na timu ndogo ya AlphaTauri. Alex Albon aliyempokea naye hakudumu. Liam Lawson alipewa mbio mbili tu mwanzoni mwa 2025 kabla ya kupokwa kiti na kupewa Yuki Tsunoda, ambaye naye alitaabika msimu mzima. Madereva watano waliofuatana hawawezi wote kuwa vipofu wa usukani.

Maelezo yanayoeleweka yako katika namna gari linavyosawazishwa. Verstappen hupenda gari ambalo pua yake inaitikia usukani papo hapo, hata kama gharama yake ni sehemu ya nyuma kuwa nyepesi na tayari kuteleza. Yeye hulidhibiti hilo kwa mikono na miguu yenye wepesi usio wa kawaida. Dereva mwingine huingia kwenye kona akiwa na hofu kwamba magurudumu ya nyuma yatamkimbia, na hofu hiyo humfanya akanyage breki mapema kidogo, na mapema huko kidogo, kukirudiwa katika kila kona, ndiko sehemu tatu au nne za kumi za sekunde anazozipoteza. Wahandisi wanapoendelea kuliboresha gari kwa kumfuata aliye mbele, kama ilivyo desturi ya kila timu inayotaka kushinda, mwenzake huzidi kubaki na gari asilolielewa. Kwa hiyo pengo kati ya wenzi hupima vitu viwili kwa pamoja, kipaji na upatanifu wa dereva na gari, na hakuna jedwali linaloweza kuvitenganisha. Naamini Verstappen ndiye dereva bora wa kizazi chake, lakini siamini kwamba yeye ni bora mara mbili kuliko Pérez, kama 575 kwa 285 zinavyodai.

Upinzani mkali zaidi katika langalanga huzaliwa hapo hapo ndani ya timu, maana mwenzako ndiye mtu wa kwanza unayelazimika kumshinda na ndiye pekee unayeshindwa kumsingizia gari. Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 2007 Fernando Alonso na Lewis Hamilton wa McLaren waligawana pointi hadi wote wakamaliza na 109, na Kimi Räikkönen wa Ferrari akawapita wote kwa pointi 1. Mwaka 2016 Hamilton na Nico Rosberg wa Mercedes walifikia kugongana kwenye mzunguko wa kwanza nchini Hispania na kuyatoa magari yote mawili. Rosberg alitwaa taji kwa tofauti ya pointi 5, na siku chache baadaye akastaafu.

McLaren wa miaka hii waliamua kulikwepa balaa hilo kwa kuwaacha madereva wao washindane huku timu ikisimamia usawa kati yao, na hapo ndipo tunapolipata tukio la Monza la Septemba 2025, ambalo linastahili kutazamwa kwa karibu. Verstappen alikuwa mbele peke yake, Norris wa pili, Piastri wa tatu. Kwa kawaida dereva aliye mbele ndiye hutangulia kuitwa piti, yaani sehemu ya mafundi, kubadilisha matairi. Safari hii Piastri aliitwa kwanza ili ajikinge na Charles Leclerc wa Ferrari, kwa makubaliano kwamba hatua hiyo isingemfanya Norris apoteze nafasi. Mafundi walimhudumia Piastri vizuri. Norris alipoingia mzunguko uliofuata, gurudumu moja likagoma, gari likasimama kwa karibu sekunde 6 badala ya zile 2 au 3 za kawaida, na alipotoka akamkuta Piastri amekwisha kupita. Timu ikamwomba Piastri amrudishie mwenzake nafasi. Alihoji kwenye redio, kwani kuchelewa piti ni sehemu ya mbio kama ilivyo mvua au jiwe barabarani, lakini akatii.

Norris akapata 18 badala ya 15, Piastri 15 badala ya 18. Ukiziondoa pointi hizo 3 katika hesabu ya mwisho, Norris anabakiwa na 420, na bingwa wa dunia anakuwa Verstappen kwa pointi 1. Hoja hii huwachoma sana mashabiki wa Norris, nao hujibu kwa haki kabisa kwamba mwezi Agosti, kule Zandvoort, gari la Norris lilizimika akiwa katika nafasi ya pili bila kosa lake, na kwamba Novemba kule Las Vegas magari yote mawili ya McLaren yaliondolewa kwenye matokeo kwa sababu ubao wa chini ya gari ulikuwa umesagika kupita unene wa chini unaoruhusiwa wa milimita 9, na Norris akapoteza pointi 18 ambazo alikwisha kuzishika. Wangeweza kuongeza Qatar, ambako timu iliyaacha magari yake uwanjani wakati gari la usalama, lile linaloyaongoza magari polepole baada ya ajali, lilipotoka na karibu wapinzani wote wakakimbilia matairi mapya.

Tatizo la hesabu za “ingekuwa” ni kwamba hazina pa kukomea, na zaidi ya hapo zinachukulia kwamba madereva wangeendesha vilevile hata kama pointi zingekuwa tofauti. Norris aliingia Abu Dhabi akijua kwamba nafasi ya tatu inamtosha, akaendesha kwa ajili ya nafasi ya tatu. Angekuwa anahitaji ya pili, mkakati wote wa McLaren siku ile ungekuwa mwingine, na Piastri angepokea maagizo ambayo hatukuyasikia. Pointi za Monza zinatufaa kwa jambo jingine: zinaonyesha jinsi uamuzi wa timu, uliotolewa kwa nia ya kutenda haki kati ya watu wawili, ulivyogeuka kuwa uamuzi juu ya mtu wa tatu ambaye hakuwa hata na habari. Kwa maoni yangu timu ilikosea, kwa sababu iliahidi kudhibiti jambo ambalo hakuna awezaye kulidhibiti. Piastri hakuonewa kwa chuki. Alitozwa deni la ahadi hiyo.

Amri za timu zenyewe zina historia ndefu. Huko Austria mwaka 2002 Rubens Barrichello wa Ferrari alipunguza mwendo mita chache kabla ya mstari ili Michael Schumacher ashinde, umati ukazomea, na amri za namna hiyo zikapigwa marufuku kuanzia 2003. Marufuku haikutekelezeka, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha maana ya kila neno la redioni, na ikaondolewa kuanzia msimu wa 2011.

Kuna aina moja ya mabishano ambayo haihusu gari, dereva wala timu, nayo ni ya uamuzi wa wasimamizi. Mbio za Abu Dhabi za Desemba 2021 ndizo jeraha kubwa kuliko yote. Hamilton na Verstappen waliingia wakiwa sawa kwa pointi 369.5, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla ya mbio za mwisho tangu 1974. Hamilton aliongoza hadi mizunguko ya lala salama, ajali ya Nicholas Latifi ikaleta gari la usalama, Verstappen akaingia piti kuvaa matairi mapya laini, na Hamilton akabaki na matairi magumu yaliyochakaa. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, aliruhusu magari matano tu yaliyokuwa katikati ya mahasimu hao, miongoni mwa yale yaliyoachwa mzunguko mzima, yapite mbele, kisha akaanzisha upya mbio zikiwa zimebaki na mzunguko mmoja. Verstappen akampita Hamilton na kutwaa taji. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilisema baadaye katika ripoti yake kwamba palikuwa na kosa la kibinadamu, na Masi akaondolewa katika nafasi hiyo, lakini matokeo yakabaki. Shabiki anaweza kuamini kwamba utaratibu ulivunjwa na wakati huohuo akakubali kwamba Verstappen, aliyekuwa na ushindi mwingi zaidi mwaka ule, hakuwa bingwa wa bahati nasibu. Kauli hizo mbili hazigombani, ingawa tangu siku ile watu wamekuwa wakilazimishwa kuchagua moja.

Ligeukie sasa suala la timu kupanda na kushuka, ambalo mashabiki hulifasiri kwa uzembe au usaliti. McLaren walianza msimu wa 2023 wakiwa miongoni mwa waburuza mkia, na kufikia mwisho wa 2024 walikuwa mabingwa wa timu. Mercedes, waliotwaa ubingwa huo mara 8 mfululizo kuanzia 2014 hadi 2021, walishinda mbio moja tu mwaka 2022, baada ya kanuni za uundaji wa magari kubadilishwa na gari lao jipya kuanza kudundadunda kwenye sehemu zilizonyooka. Nyuma ya misukosuko hiyo ipo mitambo miwili ya kanuni. Wa kwanza ni kikomo cha matumizi kilichoanza 2021 kwa dola milioni 145 kwa mwaka, bila kuhesabu mishahara ya madereva na gharama nyingine kadhaa. Red Bull walikivuka mwaka huo wa kwanza, wakatozwa faini ya dola milioni 7 na kupunguziwa muda wa majaribio. Wa pili ni mgawo wa majaribio katika handaki la upepo, ambamo umbo la gari hupimwa jinsi linavyopenya hewa: bingwa hupewa asilimia 70 ya kiwango cha msingi, na kila anayefuata huongezewa asilimia 5, hadi timu ya kumi inayopata asilimia 115. Aliye juu hunyimwa muda na aliye chini huongezewa. Pengo la misimu iliyopita halipaswi tena kudumu miaka minane, na shabiki wa Ferrari, ambaye hajaona taji la madereva tangu 2007 wala la timu tangu 2008, ana sababu ya kutumaini inayotokana na hesabu.

Ikiwa bado kuna anayeona kwamba pointi mbili za Norris ni jambo la ajabu, na arudi mwaka 1984. Prost alishinda mbio 7 na Niki Lauda 5, wote wakiwa McLaren, na Lauda akawa bingwa kwa 72 dhidi ya 71.5. Nusu hiyo ya pointi ilitoka Monaco, kwenye mvua kubwa, ambako Lauda mwenyewe aliteleza na kutoka. Prost alikuwa anaongoza, Senna kijana akiwa na gari dhaifu la Toleman alikuwa anamkaribia kila mzunguko, na Prost akawa anawapungia mkono wasimamizi akitaka mbio zisimamishwe. Zikasimamishwa, akapewa ushindi, na kwa kuwa umbali uliotakiwa haukutimia, akapata nusu ya pointi: 4.5 badala ya 9. Kama wangemwacha aendelee, Senna akampita, na yeye akamaliza wa pili, angepata 6.